Gari-nyumba New Zealand: Punguza kilomita, watoto wafaidi safari

WAZAZI wanaopanga likizo ya mbali huanza na ramani, na mara nyingi ramani ndiyo inayowaponza. New Zealand ikitazamwa kwenye simu ni visiwa viwili vyembamba, kusini kabisa mwa Bahari ya Pasifiki. Mzazi anapima kwa kidole, anajumlisha kilomita, kisha anaamua kuwa wiki mbili zinatosha kuviona vyote, kutoka Auckland hadi Queenstown, kwa gari la kukodi lenye vitanda ndani.

Kwa hesabu inawezekana. Auckland hadi Wellington ni takriban kilomita 640, kisha kivuko cha saa tatu na nusu hadi Picton, halafu kilomita 340 hadi Christchurch na nyingine 480 hadi Queenstown. Lakini watoto wakiwa nyuma wamefungwa mikanda kwa muda wa saa sita kila siku, baba amechoka na mama ameshika simu akitafuta pa kulala, hiyo haitakuwa likizo tena. Itakuwa safari ya basi ambayo dereva wake ni mzazi.

Familia nyingi zilizowahi kusafiri hivi huona kitu kimoja: gari la kulala halikutengenezwa kwa ajili ya kuwahi kufika. Faida yake ni kukaa. Anayelikodi ili ale kilomita nyingi analipa fedha nyingi kwa gari zito, la polepole, linalokula dizeli. Anayelikodi ili alale mahali pazuri usiku mbili au tatu, kisha asogee kidogo, ndiye anayepata thamani ya fedha yake.

Gari lenyewe

Gari-nyumba la familia ya watu wanne hadi sita ni van ndefu au lori dogo lililojengewa mwili mpya. Urefu wake ni kama mita saba na kimo chake ni zaidi ya mita tatu. Ndani mna jiko la gesi, sinki, friji, meza inayogeuzwa kitanda, choo na bafu dogo. Kitanda kimoja huwa juu ya kichwa cha dereva na hupandwa kwa ngazi. Watoto hukigombea. Bibi akiwapo, apewe kitanda cha chini, kwa sababu kushuka ngazi ile usiku wa manane kwenda chooni si jambo la kumtakia mtu mzima.

Kwa Watanzania, Wakenya na Waganda kuna nafuu moja kubwa: New Zealand huendesha upande wa kushoto, kama nyumbani. Dereva habadilishi mkono wala mazoea. Leseni isiyoandikwa kwa Kiingereza huhitaji tafsiri inayokubalika, na makampuni mengi ya kukodisha hayampi gari dereva aliye chini ya miaka 21. Wasafiri wa nchi hizi wanahitaji viza kabla ya kuondoka. Ndege ikipitia nchi nyingine, ni vyema kuuliza mapema kama nchi hiyo nayo inataka viza ya kupita.

Mizigo nayo iangaliwe. New Zealand inalinda kilimo chake kwa ukali, na kila chakula lazima kitajwe kwenye fomu ya kuingilia. Pakiti ya dagaa, chupa ya asali au tunda la mtoto lililosahaulika kwenye begi, lisipotajwa, linaweza kumgharimu mzazi faini ya dola 400 za huko papo hapo. Hata viatu vyenye udongo wa shamba hukaguliwa. Unga na viungo ni rahisi kununua kwenye supamaketi za Christchurch.

Siku ya kwanza, asiendeshe mtu

Kutoka Dar es Salaam au Nairobi hadi Christchurch ni ndege mbili au tatu na zaidi ya siku nzima angani na viwanjani. Mwezi Desemba saa za New Zealand ziko mbele kwa saa kumi. Mtu anayetua asubuhi ya huko, mwili wake unajua ni usiku wa manane. Kumkabidhi mtu huyo gari la mita saba lenye watoto wake ndani ni hatari isiyo na sababu.

Familia yenye busara hulala usiku wa kwanza kwenye nyumba ya wageni karibu na uwanja wa ndege, na kuchukua gari kesho yake. Wakati wa kukabidhiwa, mfanyakazi wa kampuni huonyesha kila kitu kwa haraka: pa kujazia maji safi, pa kumwagia maji machafu, jinsi ya kufungua gesi, jinsi ya kuchomoa tangi dogo la choo. Mzazi mmoja arekodi video ya maelezo hayo kwa simu, kisha arekodi kila mkwaruzo uliopo kwenye gari. Video hiyo itasaidia usiku wa kwanza gizani, na tena siku ya kurudisha gari.

Kabla ya kuwasha injini kuna jambo moja lisilo na mjadala. Gari likiwa linatembea, hakuna anayelala kitandani, hakuna anayekwenda chooni, hakuna anayechemsha chai. Kila mtu akae kwenye kiti chenye mkanda. Sheria ya New Zealand inamtaka mtoto aliye chini ya miaka 7 akae kwenye kiti cha watoto kilichoidhinishwa. Viti vya aina hiyo havifungwi kwenye kila kiti cha gari-nyumba. Vinavyotazama ubavuni, kwa mfano, havifai. Kwa hiyo mzazi aiandikie kampuni kabla ya kulipa, ataje umri wa kila mtoto, na aulize ni viti vipi vitakavyowatosha. Gari la "watu sita" linaweza kuwa na vitanda sita lakini nafasi mbili tu za viti vya watoto.

Mzunguko wa kilomita 1,200

Kwa familia yenye wiki mbili, Kisiwa cha Kusini peke yake kinatosha. Mzunguko unaoanzia Christchurch, ukapita Tekapo, Aoraki, Wanaka, Haast, Franz Josef, Hokitika na Arthur's Pass, kisha ukarudi Christchurch, ni takriban kilomita 1,200. Unazidi kidogo tu Dar es Salaam hadi Mwanza. Basi letu huimaliza njia hiyo kwa siku moja. Hapa inagawanywa kwa siku kumi na mbili.

Hatua ya kwanza ni kilomita kama 230 hadi Tekapo, kupitia mashamba ya tambarare na miji midogo ya Geraldine na Fairlie. Kisha nchi inafunguka na ziwa linatokea, lenye rangi ya feruzi ambayo watoto hudhani imetiwa dawa. Rangi hiyo hutokana na barafu ya milimani, inayosaga mwamba kuwa unga laini kabisa. Unga huo huelea majini na kutawanya mwanga wa jua. Ufukweni lipo kanisa dogo la mawe la Good Shepherd, lililojengwa mwaka 1935. Eneo zima kuanzia hapa hadi Aoraki lilitangazwa mwaka 2012 kuwa hifadhi ya kimataifa ya anga la giza; taa za mitaani hudhibitiwa ili nyota zionekane. Mwezi Desemba jua huzama baada ya saa tatu usiku, hivyo anayetaka kuwaonyesha watoto nyota awalaze mchana.

Kutoka Tekapo hadi kijiji cha Aoraki, chini ya mlima ambao wengine huuita Mount Cook, ni kilomita 105 tu, nyingi zikiwa kando ya Ziwa Pukaki. Mlima una mita 3,724. Mtoto wa Arusha atauliza, na ana haki: mbona ni mfupi kuliko Meru lakini umejaa barafu? Jibu ni kwamba uko mbali sana na ikweta, kwenye kusini yenye baridi. Mwisho wa barabara ipo kambi ya White Horse Hill ya Idara ya Uhifadhi. Haina umeme wala fahari yoyote, lakini ukifungua mlango asubuhi unatazamana na milima ya theluji. Njia ya miguu ya Kea Point huanzia hapo hapo na huchukua kama saa moja kwenda na kurudi, mwendo ambao mtoto wa miaka mitano anaumudu. New Zealand haina nyoka, kwa hiyo hata mtoto akichepuka njiani mzazi hashtuki.

Hapa ndipo wazazi wengi hukosea. Wanalala usiku mmoja, wanapiga picha, wanaondoka. Hali ya hewa ya milimani hugeuka haraka, na wingu likikaa siku nzima familia inaondoka bila kuuona mlima. Usiku wa pili hapa una faida kuliko mji mwingine wa ziada mbele ya safari.

Inayofuata ni njia ya Lindis hadi Wanaka, kilomita zipatazo 200, penye ziwa la kuogelea na kambi kubwa zenye umeme, mashine za kufulia na viwanja vya michezo. Baada ya siku kadhaa porini, familia huhitaji mahali kama hapa. Nguo zifuliwe, watoto wapate wenzao wa kucheza nao, na dereva asiguse usukani siku mbili.

Kuvuka kwenda magharibi

Kutoka Wanaka hadi Haast ni kilomita 140 zinazopanda polepole, zikapita kando ya maziwa mawili, zikaingia kwenye msitu mzito. Upande wa magharibi mvua ni nyingi, majani ni ya kijani kibichi, na kuna sehemu ndefu ambazo simu haishiki mtandao. Ramani ipakuliwe mapema, na tangi la dizeli lijazwe Wanaka.

Barabara ni ya lami na nzuri, lakini ina kona nyingi na madaraja ya njia moja. Alama ya daraja ina mishale miwili. Mwenye mshale mdogo mwekundu husimama na kumpisha wa mbele. Nje ya miji mwendo wa juu kwa kawaida ni kilomita 100 kwa saa, ila magari yenye uzito wa zaidi ya kilo 3,500 hayaruhusiwi kuzidi 90. Kwa kweli gari-nyumba halifikii hata huo kwenye kona. Muda ambao ramani ya simu inautaja uongezwe robo. Magari yakijipanga nyuma, dereva asogee kando mahali salama awapishe. Ndiyo adabu ya huko, na humwondolea presha.

Mgeni mwingine wa magharibi ni usubi. Wamaori huuita namu, na unafanana na visubi vya kando ya mito yetu. Hauambukizi ugonjwa huko, lakini unauma na kuwasha kwa siku kadhaa. Dawa ya kupaka, soksi na mlango uliofungwa mapema jioni ndiyo kinga.

Mbele ya Haast, kilomita kama 145, ni Franz Josef na mto wake wa barafu unaoshuka kuelekea msituni. Wamaori huuita Kā Roimata o Hine Hukatere, yaani machozi ya Hine Hukatere, msichana ambaye katika hadithi yao mchumba wake alifunikwa na maporomoko ya theluji, na machozi yake yakaganda. Barafu hiyo imerudi nyuma sana miaka ya karibuni, na watembeaji wa miguu huitazama kwa mbali. Kwa mtoto aliyesikia darasani kuhusu barafu ya Kilimanjaro inavyopungua, hapa ni mahali pa kuongea naye bila haraka.

Kutoka hapo kilomita 135 hufika Hokitika, mji mdogo wa pwani maarufu kwa jiwe la kijani liitwalo pounamu. Ufukwe umejaa magogo yaliyoletwa na bahari, na watoto hujenga nayo vibanda hadi jioni. Kuogelea hapa hapana. Mawimbi ya pwani hii ni makali.

Mita saba kwa watu watano

Likizo ya gari-nyumba haiharibiwi na barabara tu. Inaharibiwa na nafasi. Watu watano kwenye mita saba hawawezi kuishi kwa mazoea ya nyumbani. Mmoja akipika, wengine wakae nje au wakae chini. Mabegi magumu hayana pa kuwekwa, bali mifuko laini hukunjwa. Mvua ikinyesha siku nzima, na magharibi itanyesha, kila neno dogo huwa kubwa.

Dawa ni kugawana kazi kabla ya kuondoka nyumbani. Mtoto mkubwa akague makabati na friji kama vimefungwa kila gari linapotaka kuondoka. Wa pili achomoe waya wa umeme na kuuzungusha vizuri. Mdogo ahesabu viatu. Baba na mama wapokezane kumwaga tangi la choo, kazi ambayo ikiachiwa mtu mmoja kwa wiki mbili itazua maneno. Tangi hilo na maji machafu humwagwa kwenye vituo maalumu vilivyopo katika miji mingi, vingi bila malipo. Kumwaga porini au mtoni ni kosa.

Kulala popote barabarani pia si ruhusa. Halmashauri nyingi huruhusu tu magari yenye cheti cha kujitosheleza, yaani yenye choo kilichojengewa ndani na uwezo wa kubeba maji machafu yake. Hata hayo hulala pale tu palipowekewa alama ya ruhusa. Faini ni mamia ya dola. Kwa familia yenye watoto, mpango mzuri ni kuchanganya: usiku mbili kambi ya Idara ya Uhifadhi, usiku mbili kambi yenye umeme na maji ya moto.

Hesabu ya fedha

Wapo wanaodhani gari-nyumba ni njia ya kubana matumizi kwa kuwa hakuna hoteli. Si lazima iwe hivyo. Kodi ya gari kwa siku hupanda sana kuanzia Desemba hadi Februari. Juu yake kuna dizeli, ada za kambi na tozo ya barabara, ambayo magari ya dizeli hulipa kwa kilomita. Kwa magari mepesi imekuwa dola 76 za New Zealand kwa kila kilomita 1,000. Mazito yana viwango vyao. Mzazi aulize kama tozo hiyo imo ndani ya bei.

Swali kubwa zaidi ni bima. Mkataba wa kawaida humwachia mkodishaji alipe mwenyewe dola elfu kadhaa za mwanzo ajali ikitokea, na kampuni huweza kuzizuia kwenye kadi ya benki kama dhamana. Kupunguza kiasi hicho hulipiwa kwa siku. Hata hapo, mikataba mingi haigusi paa lililogongwa kwenye tawi, uvungu ulioharibika, mafuta yasiyo sahihi au dizeli iliyomwagwa kwa makosa kwenye tangi la maji. Baadhi ya barabara, kama ya Skippers karibu na Queenstown, bima haifanyi kazi kabisa.

Familia ifanye hesabu ya pili: gari la kawaida pamoja na vibanda vya kupanga kwenye kambi zile zile. Kwa familia yenye mtoto mchanga, au bibi mwenye magoti mabovu, njia hii inaweza kuwa nafuu na ya raha zaidi.

Msimu nao uzingatiwe. Likizo ya Juni ya Tanzania huangukia baridi kali huko, barabara zikiwa na barafu na magurudumu yakihitaji minyororo milimani. Likizo ya Aprili ya Kenya huangukia majira ya majani kupukutika, kambi zikiwa na nafasi na bei zikiwa zimeshuka. Hilo ni dirisha zuri.

Kurudisha gari

Siku mbili za mwisho ni za Arthur's Pass, barabara inayopanda hadi mita 920 kabla ya kushuka kuelekea Christchurch. Hapo wapo kea, kasuku wa milimani, wajanja kuliko wanavyoonekana. Hung'oa mipira ya madirisha na kuchungulia mabegi huku watoto wakicheka. Wasilishwe chakula, huwadhuru.

Gari hurudishwa likiwa limefagiliwa, tangi la choo likiwa tupu na dizeli ikiwa imejaa, la sivyo kampuni hutoza. Kazi hiyo huchukua nusu siku, kwa hiyo isipangwe asubuhi ile ile ya ndege.

Mzazi anayekaa leo na kalenda aanze kwa kuandika siku mbili tupu katikati ya safari, zisizo na mji wala kilomita. Moja itachukuliwa na mvua, homa ya mtoto au tairi. Nyingine ikibaki, watoto ndio waulizwe wanataka kuitumiaje. Mara nyingi watasema wanataka kubaki pale pale walipo, na gari-nyumba limekodiwa kwa ajili hiyo hasa.